Salamu ya Langoni

Mwalimu Nzembi alikuwa mtu wa chati. Mpe karatasi ya manila na kalamu za rangi, na hata jambo lililowashinda wakubwa maofisini atakuandikia kwa herufi za kupendeza na kulibandika ukutani. Ndiyo maana shule zilipotakiwa kuwafundisha watoto wa gredi ya saba hadi ya tisa kuutambua uonevu na kuukabili, mwalimu mkuu, Bwana Mwanzia, hakupoteza muda kuuliza nani atajitolea. Alimfuata Nzembi mezani kwake akamwambia, "Madam, hii ni yako," naye Nzembi akaipokea kazi ile kama mtu aliyepewa zawadi.

Shule yenyewe iko Noonkopir, hapo Kitengela, nyuma ya magorofa ya kupanga yaliyosongamana hata moja linamnyima mwenzake jua. Watoto wake ni wa kila kabila. Kuna Wakamba kama Nzembi mwenyewe, ambaye kwao ni upande wa Wote, kuna Wakikuyu na Wakisii na Waluo, na kuna Wamaasai ambao babu zao walichunga hapo hapo kabla nchi haijakatwakatwa kuwa ploti. Nzembi alikuwa na mwaka wake wa pili pale. Aliwapenda watoto wale, na hilo nalisema mapema, maana katika yote yaliyofuata hakuna aliyeweza kumlaumu kwa kutowapenda.

Chati yake ilikuwa na maneno matatu. TAMBUA, kwa rangi nyekundu. KATAA, kwa buluu. SEMA, kwa kijani. Tambua kwamba unaonewa, mkatalie anayekuonea bila kupigana, kisha mwambie mtu mzima unayemwamini. Siku alipoibandika mbele ya Gredi ya Nane alileta na mchezo. Muteti, jitu la darasa na mcheshi wa kuzaliwa, alipewa sehemu ya mwonevu. Alimnyang'anya Celine mkoba, akamwita majina, akamsukuma mpaka kwenye dirisha. Celine akasema kwa sauti, "Wacha, sipendi," akaenda kushtaki kwa mwalimu. Darasa lilicheka mpaka mwalimu wa darasa la jirani akachungulia kuona kulikoni.

"Sasa nani ataniambia mwonevu tunamtambuaje?" Nzembi aliuliza.

Mikono ilipanda kama kawaida. Anapiga. Anatukana. Ananyang'anya lunch. Anakuandika vibaya kwa WhatsApp. Kila jibu Nzembi alilisifu na kuliandika ubaoni. Mwisho mkono wa Kasaine ukapanda, nusu tu, kama wa mtu anayefukuza nzi.

Kasaine alikuwa kijana mrefu, mwembamba, sweta imemfupia mikono. Baba yake alikuwa amefariki, na mama yake, Kakenya, alikuwa amehama naye kutoka Mashuuru ili auze maziwa hapa mjini. Hakuwa msemaji. Walimu wengi walimjua kwa madaftari yake safi kuliko kwa sauti yake.

"Mwalimu, na kama huyo mtu hakupigi?"

"Hata matusi ni uonevu, Kasaine. Tumeandika hapo."

"Na kama hatukani?"

"Basi anafanya nini?"

Kijana alitazama dawati lake. Nyuma yake mtu alikohoa, na mwingine naye akakohoa. Kengele ikalia, Nzembi akawaambia watu wa kufuta ubao wafute.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, Kasaine alikuja akasimama mlangoni pa ofisi ya walimu. Nzembi alimwona, akatoka nje, na moyoni alifurahi. Chati yake haijamaliza siku mbili ukutani, na tayari mtoto amefika kwenye neno la kijani.

"Sema, Kasaine. Usiogope."

"Ni Leshan." Alimeza mate. "Ananiambia nilete kichwa."

"Ulete kichwa wapi?"

"Hapo kwa gate. Asubuhi. Ananiambia nilete kichwa, ananiguza."

"Anakugonga?"

"Hapana. Ananiguza tu."

Nzembi alishusha pumzi. Alilijua jambo hilo, na alilijua kwa macho yake mwenyewe, kwa sababu wiki za zamu yake yeye ndiye aliyesimama langoni kuwapokea wanaochelewa. Kila asubuhi alimwona Kasaine akifika mahali Leshan na marafiki zake wawili walipokuwa wamesimama, anasimama, anainamisha kichwa. Leshan anaweka kiganja juu ya kichwa kile na kusema, "Sopa." Kasaine anajibu, "Epa." Kisha kila mtu anaenda zake. Katika shule ambayo watoto husalimiana kwa kutukaniana mama, Nzembi aliona hilo ni jambo la kupumzisha roho. Tena alikuwa amefanya utafiti wake. Alimuuliza Mwalimu Lucy, Mmaasai pekee kati ya walimu, kama ni kweli watoto wao husalimia kwa kuinamisha kichwa. Lucy, aliyekuwa na rundo la madaftari ya kusahihisha, alijibu bila kuinua macho, "Eeh, mtoto analeta kichwa, mkubwa anamguza. Ni heshima." Likaishia hapo.

Na Leshan alikuwa Leshan. Kiranja, shati limepigwa pasi, "yes, madam" na "thank you, madam" kila saa. Ukimtuma chaki anarudi nayo mbio. Walimu wana udhaifu kwa watoto wa namna hiyo, na mwalimu atakayekuambia hana, huyo anakudanganya.

"Kasaine," Nzembi alisema kwa upole, "hiyo si uonevu. Hiyo ni mila yenu, na ni mila nzuri. Mimi nikiwa college walinicheka sana juu ya vile naongea, ati Mkamba akiongea unasikia tu ni Mkamba. Nikaanza kuona aibu ya kwetu. Usikubali hiyo. Usione aibu ya kwenu hata siku moja."

Kasaine alivuta mkono wa sweta yake, ukarudi juu.

"Na unajua nini? Ijumaa kwa parade nataka mtuonyeshe. Wewe na Leshan. Shule yote ijifunze vile watu wanaheshimiana."

Uso wa kijana ulishuka. Nzembi aliona unashuka, nalo ni jambo lililomrudia baadaye mara nyingi, kwamba aliona. Alidhani ni haya ya mtoto mkimya anayeambiwa asimame mbele ya watu.

"Sawa, mwalimu," Kasaine alisema. Alikuwa amelelewa asibishane na mwalimu.

Ijumaa kulikuwa na ile baridi ya Julai inayopenya sweta, upepo unatoka upande wa mbuga bila kizuizi. Shule nzima ilijipanga uwanjani. Mwalimu Lucy hakuwepo. Alikuwa Kajiado kwa semina. Nzembi alisimama mbele na chati yake, akaeleza maneno yake matatu, kisha akasema kwamba dawa ya uonevu si adhabu bali ni heshima, na kwamba wenzetu Wamaasai wana heshima ambayo sisi wengine tumeipoteza. Akawaita Leshan na Kasaine.

Leshan alikuja haraka, kidevu juu. Kasaine alitembea polepole. Walisimama wakitazamana, warefu sawa, na kwa muda kidogo hakuna aliyefanya kitu. Nzembi akamshika Kasaine bega kwa wema, akamsukuma kidogo mbele.

"Tuonyeshe, usiogope."

Kasaine akainama. Leshan akaweka mkono juu ya kichwa chake, na safari hii hakuutoa upesi. Aliuacha pale, akageuka kuwatazama wanafunzi waliokuwa wamejipanga.

"Sopa," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni.

"Epa," Kasaine alijibu. Walio mstari wa mbele ndio tu waliomsikia.

Kicheko kilianzia kwa Gredi ya Nane, kikapita kwa ya Tisa. Nzembi alikisikia akadhani ni furaha. Yeye ndiye aliyeanza kupiga makofi. Bwana Mwanzia akafuata, kisha walimu, kisha shule nzima, na makofi yale yalidumu kwa sababu watoto wanapenda kupiga makofi kunapokuwa na baridi.

Jumatatu Kasaine hakuja shule. Jumanne hakuja. Nzembi alisema moyoni kwamba ni homa, nusu ya shule ilikuwa inakohoa. Wiki ilipokwisha bila kumwona alikusanya kazi za darasa alizozikosa, akaenda kumtafuta nyumbani.

Kakenya alikuwa anaishi chumba kimoja cha mabati kwenye ploti ya watu wengi, madebe ya maziwa yameoshwa na kupinduliwa mlangoni. Alimpokea mwalimu kwa mikono miwili.

"Takwenya, mwalimu."

"Iko," Nzembi alijibu. Alikuwa amejifunza hilo, na alijivunia.

Alipewa kiti, akapewa chai ya maziwa matupu. Mama Kasaine akaketi juu ya ndoo, akangoja mgeni anywe kwanza.

"Nimekuja kuona Kasaine. Ni mgonjwa?"

"Ameenda Mashuuru kwa baba yake mdogo. Alienda hiyo Ijumaa. Hata uniform hakutoa."

"Kuna shida huko?"

Kakenya alimtazama kama mtu anayetafuta mahali pa kushika chungu cha moto.

"Mwalimu, si alikuambia?"

"Aliniambia nini, mama?"

"Hiyo maneno ya kichwa. Mimi ndio nilimtuma. Alikuwa anakataa, anasema ni aibu kijana kushtaki. Nikamwambia mwalimu ndio mzazi wa shule, na mwenyewe amewafundisha waseme. Enda useme. Akaenda."

Nzembi aliweka kikombe chini.

"Aliniambia. Lakini mama, mimi nilijua hiyo ni salamu. Watoto wenu si wanainamisha kichwa?"

"Wanainamisha. Mtoto anainamia baba, anainamia mama, anakuinamia hata wewe. Lakini hawezi kuinamia rika yake. Mimi na mama Leshan tulikuwa na mimba pamoja. Hao watoto walizaliwa mvua moja." Alisema pole pole, bila kupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepandisha. "Ni vile tu Leshan alipelekwa kutahiri Disemba. Huyu wangu hakupelekwa, juu kiangazi ilimaliza ng'ombe na baba yake mdogo akasema tungoje, sherehe ya mtoto wa marehemu haiwezi kufanywa mikono mitupu. Sasa Leshan anamwambia yeye ni mwanaume na huyu ni layoni, bado mtoto, alete kichwa kila asubuhi. Akikataa, wanamuimbia layoni, layoni, mpaka ndani ya darasa. Watoto wote wanajua."

"Mimi sikujua."

"Ndio, hukujua," Kakenya alikubali. "Nilisikia Ijumaa ilikuwa mbele ya shule yote. Nilisikia mlipiga makofi."

Kisha akainua birika na kumwongezea mwalimu chai, kwa kuwa kikombe cha mgeni hakiachwi nusu. Nzembi alikinywa chote. Aliona haya kiasi kwamba hakuweza hata kusema amekwisha shiba.

Njiani kurudi alilia, na hakulia kwa ajili ya Kasaine peke yake. Alijililia na yeye mwenyewe, mwalimu wa uonevu, aliyekuwa na macho mawili na zamu ya langoni. Kisha akajikaza. Mtoto hajapotea, alijiambia. Yuko Mashuuru. Akirudi darasani, haya mengine yatatengenezeka. Kuanzia hapo hakuwa na wazo jingine: Kasaine arudi shule.

Kwanza alimwita Leshan ofisini. Alitegemea kijana angekana, na alikuwa amejiandaa kwa hilo. Leshan hakukana.

"Madam, si wewe ulisema ni heshima?"

"Kasaine ni rika yako, Leshan."

"Ulipiga makofi, madam," Leshan alisema. Hakusema kwa kiburi. Alishangaa kweli kweli, kama mtu anayeadhibiwa kwa jambo aliloagizwa. Nzembi akampeleka kwa mwalimu mkuu. Bwana Mwanzia alimvua ukiranja na kuwaita wazazi. Baba yake Leshan alikuja, akasikiliza, akasema vijana ni vijana, akaondoka na mtoto wake bila kumwambia lolote ambalo mtu alisikia.

Jumamosi Mwalimu Lucy aliazima pikapu ya mumewe, wakashika njia ya Mashuuru. Lucy aliendesha mpaka lami ikaisha. Ndipo akasema, "Uliniuliza nikiwa na vitabu. Ningekuuliza tu, nani anainamia nani. Ni swali moja." Nzembi alimwambia kosa si lake. Wote wawili walijua kwamba kidogo lilikuwa lake, na wala hawakuligusa tena.

Nchi upande ule ilikuwa imekauka rangi ya gunia. Boma la baba mdogo lilikuwa na zizi kubwa na ng'ombe wachache ndani yake. Mwenyewe aliwapokea vizuri, mzee mkavu mwenye koti la kizungu juu ya shuka, akawakalisha kivulini. Lucy akamweleza kwa Kimaa kilichowaleta. Mzee aliitikia kwa kichwa muda wote, akajibu kwa maneno machache.

"Anasema hata yeye anataka mtoto arudi shule," Lucy alitafsiri. "Anasema wameongea, na mtoto amekubali. Ati enda umsikie mwenyewe."

Moyo wa Nzembi ulichangamka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile kusikia neno jema, na karibu akimbie kwenda kisimani, ambako Kasaine alikuwa ananywesha mbuzi.

Kijana alimwona akija. Hakukimbia wala hakusogea. Alikuwa amevaa shuka na viatu vya matairi, na alionekana mkubwa kuliko alivyoonekana ndani ya ile sweta fupi.

"Kasaine, nimekuja kukuomba msamaha," Nzembi alisema. Alikuwa amepanga maneno mengine mazuri, yakamtoroka yote. "Uliniambia, na sikukusikia. Nilikuaibisha mbele ya shule. Nilikosea sana."

"Ni sawa, mwalimu."

"Si sawa."

Kasaine alimsukuma mbuzi mmoja aliyekuwa anawazuia wenzake kunywa. "Hukujua," alisema, kwa sauti ile ile ya mama yake.

"Leshan ametolewa uprefect. Hatakugusa tena. Kila asubuhi nitakuwa kwa gate mwenyewe. Jumatatu ukuje, nitakusaidia na kazi yote yenye umekosa."

"Jumatatu siwezi."

"Lakini mzee amesema umekubali."

"Nimekubali. Nitarudi Januari." Akaeleza kwa utaratibu, kama anavyoandika kwenye madaftari yake. Baba mdogo amesema Disemba atapelekwa, ng'ombe awepo asiwepo. Atanyolewa, atapona, nywele ziote tena kidogo, kisha atarudi. "Hata nikirudia darasa, hiyo si kitu."

"Utapoteza nusu mwaka, Kasaine, na wewe una akili. Kwa nini usirudi sasa?"

Alimtazama mwalimu wake kwa mshangao kidogo, vile mtu humtazama mgeni ambaye bado hajaelewa lugha.

"Nirudi nikiwa hivi?"

Nzembi aligeukia kisima. Mbuzi walikuwa wanakunywa kwa pupa. Basi, alijiambia, Januari ni Januari. Mtoto anarudi. Hilo ndilo alilolifuata.

"Sawa. Januari. Lakini ukirudi utakuwa salama, hiyo nakuahidi."

"Najua," Kasaine alisema. "Nikirudi nitakuwa mkubwa. Kuna watoto wawili wa Grade Seven bado hawajaenda. Mmoja ni Lemayian, yule mdogo anakaa mbele. Hao watakuwa wananiletea kichwa."

Hakusema kwa hasira. Alisema vile mtu anavyotaja mazao anayotarajia msimu ujao, na usoni mwake, kwa mara ya kwanza tangu Nzembi amjue, kulikuwa na raha.

"Kasaine. Si unakumbuka vile ulisikia? Wewe mwenyewe?"

"Nakumbuka."

"Sasa utawafanyia hivyo?"

Kijana alifikiri. Alikuwa mtoto mwema, na aliona kwamba mwalimu amehuzunika, akatafuta neno la kumtuliza.

"Usijali, mwalimu. Hao hawatakuja kukusumbua kwa staffroom. Walikuwa hapo kwa parade, waliona."

Nzembi alisimama kisimani mpaka mbuzi wa mwisho alipokunywa na kijana akaagana naye na kuondoka na kundi lake. Aliporudi kwenye gari Lucy alikuwa amekwisha aga, funguo mkononi.

"Amesemaje? Anarudi?"

"Anarudi," Nzembi alisema.

Lucy akamshukuru Mungu kwa Kimaa, akawasha gari.